Daftari la Baragumu

Mwezi wa Mei mwaka 2019 niliuza baragumu nililokuwa nalo kwa muda wa miaka 28, na ingawa mauzo yenyewe yalichukua siku tatu tu, kwa maneno machache na fedha zisizokuwa nyingi, yalinifunulia juu ya nafsi yangu jambo ambalo miaka yote ya kulipuliza haikunifunulia. Kwa hiyo nimeona heri niliandike sasa, kabla kumbukumbu haijaanza kulipamba na kuliondolea makali yake.

Yafaa kwanza msomaji ajue nasema habari za baragumu gani, maana sisi watu wa pwani tulisikiapo jina hilo hutujia fikirani mbiu ya pembe ya nyati iliyokuwa ikiwakusanya watu kwa jambo, au siwa, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe za ndovu ya Pate, ambayo hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na ambayo heshima yake ilikuwa kubwa hata habari za Pate zikasimulia kwamba Mwana Darini, aliponyimwa siwa ya nchi kwa sherehe ya kumtahiri mwanawe, alimwita fundi akamchongea nyingine. Hili langu si hilo. Ni lile ambalo Waingereza huliita baragumu la Kifaransa, ijapokuwa mafundi waliolikamilisha hata likawa kama lilivyo leo walikuwa Wajerumani zaidi kuliko Wafaransa, na kwa ajili hiyo Jumuiya ya Kimataifa ya wapigaji wake ilishauri, mwaka 1971, kwamba liitwe horn tu, bila ya kunasibishwa na taifa lolote. Ni mrija wa shaba ya njano uliojikunja duara juu ya duara, mwembamba kama kidole mahali pa midomo, mpana kama sahani kubwa ya wali mahali sauti inapotokea. Mrija wa upande wa F ukinyoshwa wote hupata takriban mita 3.7, na wa upande wa pili, ambao Wajerumani huuita B, hupata kama mita 2.75, pande hizo mbili zimo katika chombo kimoja, na kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho kinachoihamisha pumzi toka huku kwenda kule, huku vidole vitatu vinavyofuata vikibonyeza vali, nao mkono wa kulia umetiwa ndani ya mdomo mpana ili kuilainisha sauti na kuinyosha, kaida ambayo Anton Joseph Hampel wa Dresden aliistawisha katika karne ya 18, zama ambazo vali zilikuwa hazijabuniwa. Kwa kuwa mrija ni mrefu, na mpulizaji hutumia sauti zake za juu ambazo zimekaribiana mno, midomo ikikosea kwa kadiri ya unywele hutoka sauti jirani badala ya ile iliyokusudiwa, mbele ya hadhara yote. Na hii ndiyo sababu chombo hiki huogopwa na wengi, nayo ndiyo iliyonifanya mimi nikipate.

Niliondoka Mombasa mwaka 1974 kwenda Ujerumani kujifunza ufundi wa kukereza vyuma, nikaajiriwa katika kiwanda cha pampu si mbali na mto Rhine, na katika kijiji nilichopanga mlikuwa na bendi ya wenyeji, kama zilivyo bendi katika vijiji vingi vya nchi ile, ambamo waoka mikate, wakulima wa zabibu na waalimu huketi pamoja jioni moja kila wiki wakapiga ala zao bila ya kulipwa. Niliposema napenda kujiunga nao, walinipa baragumu kuukuu lililokuwa limelala kabatini kwa kukosa mtu. Miaka 17 baadaye, nikiwa nimekwisha kuingia katika okestra ya ridhaa ya mji, nilikwenda Mainz, katika karakana ya Gebr. Alexander, iliyoanzishwa mwaka 1782 na ambayo ingali mikononi mwa ukoo ule ule, nikanunua jipya la umbo namba 103, ambalo lilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1909 na ambalo wapigaji wa okestra kubwa za Ujerumani hulitumia hata leo. Bei yake ilikuwa sawa na mishahara yangu ya miezi mitatu. Mke wangu hakusema neno siku ile. Aliliweka kasha juu ya kitanda, akalifungua, akalitazama kitambo, kisha akaenda kuleta kanga safi ya kulifunikia.

Sina budi kurudi nyuma kidogo, kwa kuwa habari ya baragumu hili haifahamiki pasipo habari ya baba yangu. Baba alikuwa dalali katika Mji wa Kale wa Mombasa, akinadi vyombo vya nyumba za waliosafiri, waliofilisika na waliofariki, na alikuwa na daftari la safu tatu: katika ya kwanza aliandika jina la kitu, katika ya pili bei, na katika ya tatu neno ambalo niliweza kulisoma kabla sijajua kuyasoma mengine, kwa sababu lilijirudia kila ukurasa, nalo ni aibu. Aibu ya bidhaa, katika lugha ya wanavyuoni wa biashara, si fedheha, bali ni kasoro yenye kuipunguzia thamani. Na katika madhehebu ya Shafi, tuliyolelewa nayo, mwuzaji anayeijua aibu ya mali yake hulazimika kuibainisha, na mnunuzi akiigundua iliyofichwa ana khiyari ya kukirudisha alichonunua. Kadhalika wauzianao waweza kupeana khiyari ya sharti, muhula usiozidi siku tatu, ambao ndani yake mauzo yaweza kuvunjwa pasina kuulizwa sababu. Baba hakuwa mwanachuoni, na vitabu vya fikihi alivisikia vikisomwa msikitini tu, walakini mambo haya mawili aliyashika kama mtu anavyoushika mlango wa nyumba yake gizani.

Nakumbuka siku moja, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, alipoletewa cherehani ya mjane mmoja wa mtaa wa Kuze, mama wa watoto wanne, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Watu walikuwa wengi, na washoni wawili walikwisha kuanza kushindana, bei imefika shilingi 120, ndipo baba akainua mkono, akaigeuza cherehani kichwa chini, akasema, "Jamaa zangu, cherehani hii inashona, na kanzu aliyoivaa mwanangu huyu imeshonwa nayo jana. Lakini gurudumu lake lina ufa, na ufa wenyewe huu hapa, njooni muutazame. Mwenye kununua anunue na ufa wake." Mshoni mmoja akaondoka palepale. Wa pili akaichukua kwa shilingi 85. Yule mama alijifunika uso kwa buibui, akalia bila ya sauti, na baba akampa fedha zote pasipo kukata ujira wa udalali, akaongeza na zake kidogo, kisha tukarudi nyumbani bila ya kusemezana. Kwa miaka mingi niliona kuwa baba alimdhulumu mjane yule. Nilijiuliza ni uaminifu gani huu unaowaliza maskini ili mshoni mwenye duka alale raha mustarehe. Sikupata kumwuliza, naye alifariki mwaka 1983 nikiwa mbali.

Daftari langu la baragumu nililianza usiku ule ule nilipolinunua, nalo lilikuwa la safu tatu kwa mfano wa lile la baba: tarehe, kazi, aibu. Nililiandika kwa Kiswahili, si kwa kutaka kuficha neno, bali kwa kuwa mambo ya mkono wangu sikuzoea kuyafikiri kwa lugha nyingine.

Kulitunza baragumu si kazi ngumu. Ni kazi isiyokwisha. Maji yanayojaa ndani yake, ambayo wasiojua huyaita mate, aghalabu ni pumzi yenye joto iliyogeuka maji ilipogusana na shaba baridi, nayo sharti yamwagwe kila mara kwa kuchomoa mirija ya kuvuta na kukigeuza chombo, kwani yakiachwa yakalala pamoja na masazo ya chakula yaliyotoka kinywani, huila shaba. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Zinki ndiyo inayotangulia kuondoka, na inapoondoka huacha nyuma yake shaba nyekundu tupu, dhaifu kama sifongo, na dalili yake ni vidoa vyekundu kama punje za ulezi vinavyotokeza nje ya mrija wa kwanza, ule unaopokea kipulizio. Doa la namna hiyo likionekana nje, ugonjwa umekwisha kutambaa ndani zamani. Kwa sababu hiyo sikupata kulipuliza langu hata mara moja bila ya kusukutua kinywa, ijapokuwa wenzangu walikuwa wakila mkate na soseji hadi dakika ya mwisho. Vali zake ni za kuzunguka, kila moja kama pipa dogo ndani ya nyumba yake, na baina ya pipa na nyumba nafasi ni ndogo kuliko unene wa unywele, jambo ambalo mtu aliyekereza vyuma maisha yake yote hawezi kulitazama pasipo taadhima. Hutaka mafuta mepesi mwilini na mazito kidogo katika mihimili yake ya juu na ya chini. Mirija ya kuvuta hutaka grisi. Uzi unaounganisha kila kitufe na vali yake hufungwa kwa umbo la tarakimu ya nane, na mwenye busara huubadili kabla haujakatika. Langu halikuwa na vanishi, kwa hiyo mahali pa mkono wa kushoto nilipavika ngozi, maana jasho nalo hula shaba; na kila mwaka nililipeleka kwa fundi likafunguliwa lote, likaoshwa, mibonyeo midogo ikanyoshwa. Basi daftari lilikwenda hivi, ukurasa baada ya ukurasa: Mafuta. Mafuta na grisi. Mafuta, uzi wa vali ya pili. Safu ya aibu ilikuwa tupu kwa miaka mingi, na sikatai kwamba niliionea fahari.

Katika miaka hiyo nilikuwa mpigaji wa pili, na nilikuwa radhi kuwa wa pili. Mwaka 1997, walipokuwa wakiadhimisha miaka mia tangu kufa kwake Johannes Brahms, tulipiga simfonia yake ya kwanza, ambayo katika sehemu ya mwisho ina wito wa baragumu alioutoa katika sauti ya baragumu la mbao la wachungaji wa milima ya Alps. Kabla ya kuutia katika simfonia, alikuwa ameuandika mwaka 1868 katika salamu ya siku ya kuzaliwa ya Clara Schumann. Wito huo unasikika kama wa mtu mmoja, na kumbe ni wa wawili: wa kwanza anapofika mwisho wa pumzi yake, wa pili huidaka sauti ile ile, akaishikilia ili mwenzake avute hewa, na watu waliokaa ukumbini wasitambue kuwa kumepokezanwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu usiku ule, na sijapata kufanya kazi niliyoipenda zaidi.

Kisha yakaja ya Januari 2003. Tulikuwa tumetoka mazoezini katika kanisa moja la kale, usiku, na ngazi za mawe zimeganda barafu, nami kwa haraka ya kuwahi basi nilikuwa nimefunga kifungo kimoja cha kasha na kukiacha cha pili. Mguu ukateleza. Kasha likafunguka, na baragumu likatoka, likashuka ngazi nne likigonga, sauti ambayo ningali naisikia, likasimama chini juu ya ukingo wa mdomo wake mpana, ambao ulikuwa umekunjika kama ukingo wa sufuria iliyokanyagwa. Fundi alikaa nalo wiki mbili. Aliuvalisha mdomo juu ya kalibu ya chuma, akausukuma kidogo kidogo kwa kinoo laini hata mkunjo ukapotea, na aliponirudishia, jicho halikuweza kuuona. Lakini kidole kiliweza. Na yeye mwenyewe alinieleza kwa insafu kwamba shaba iliyokunjwa na kukunjuliwa huwa ngumu, na pengine hupasuka baada ya miaka, na kuipasha moto ili ilainike kungebadili sauti ya chombo kizima. Katika daftari niliandika maneno matatu: Siku mbaya. Ngazi. Safu ya aibu niliiacha tupu, nikijiambia kwamba nitaijaza kesho yake.

Sikuijaza. Miaka ikapita, mafuta yakafuata mafuta, na mwaka 2018 ufizi wangu wa juu ukaugua, nikang'olewa meno mawili ya mbele, yakatiwa mengine ya kutengenezwa. Na kwa kuwa kipulizio cha baragumu hili huegemea zaidi mdomo wa juu, na mdomo wa juu huegemea meno yale, nilijikuta kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kizingiti kimehamishwa. Nilijaribu miezi minane. Siku moja mke wangu aliniuliza, "Baba Zuhura, hilo kasha umelifungua lini mara ya mwisho?" nami sikuweza kumjibu. Nilijua vema kwamba chombo kisichopigwa huharibika upesi kuliko kinachopigwa, kwa kuwa mafuta hukauka, chokaa ya maji hujenga, na vali hung'ang'ana katika nyumba zake. Yako mabaragumu yaliyokoma kupigwa kwa haki: lile la Dennis Brain, mpigaji mkubwa wa Uingereza aliyekufa kwa ajali ya motokaa tarehe 1 Septemba 1957 akirudi kutoka Edinburgh, lilivunjikavunjika pamoja naye, likatengenezwa upya London, na sasa limewekwa katika chuo cha Royal Academy of Music, nalo pia ni la karakana ile ile ya Mainz. Lakini mimi si Brain, na baragumu langu halikuwa na sababu ya kutungikwa ukutani.

Nililipeleka kwanza kwa mfanyabiashara wa ala. Alilitazama juu juu, akabonyeza vali, akasema euro 3,000. Hakuuliza kitu chochote, na kwa kuwa hakuuliza, sikusema. Nikalirudisha nyumbani, nikajidanganya kwamba nimelikataa kwa sababu ya bei. Ndipo nikabandika karatasi katika chuo cha muziki, nikaandika: Alexander 103, la mwaka 1991, halina vanishi, limetunzwa, lina daftari lake, euro 4,500. Nafasi ya mstari mmoja zaidi ilikuwapo.

Alikuja binti wa miaka ishirini, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa mwashi, na fedha zake zilikuwa akiba yake pamoja na za bibi yake. Aliketi, akalipasha joto kwa pumzi tupu, na kabla ya kupiga sauti hata moja alifanya jambo lililonifurahisha moyo: aliuchomoa mrija mmoja mmoja wa vali bila ya kuibonyeza vali yenyewe, kisha akaibonyeza, akatega sikio. Vali iliyo nzima hutoa mlio mdogo wa kupasuka, kama kizibo cha chupa, kwa kuwa imeizuia hewa isipite. Iliyolika hupumua kimya. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Upande wa B zote zikalia. Ya tatu ya upande wa F ikatoa sauti dhaifu kama mtu anayeguna usingizini. Akarudia mara mbili, kisha akaniambia kwa haya, kana kwamba kosa ni lake, "Bwana, nadhani hii imechoka kidogo. Ulikuwa unajua?" Sikuwa nikijua. Mimi niliyekereza vyuma miaka 35, niliyeandika mafuta mara mia na mia, nilikuwa nimeizoea vali ile hata midomo yangu ikawa inaifidia bila ya kuniarifu. Hakulifanya neno lile kuwa silaha ya kukatia bei; alilisema tu, akaendelea kupiga. Mimi ndiye niliyepunguza euro 300.

Alitaka kuacha arbuni ya euro 200. Nikaikataa, maana baba hakuila arbuni ya mauzo yasiyotimia, alisema ni fedha isiyo na kitu upande wa pili. Badala yake nikampa siku tatu aende nalo, ampelekee mwalimu wake, na siku ya tatu aseme ndiyo au la. Alipokuwa mlangoni akaomba alisome daftari usiku. Akalifungua, akasimama. "Ni lugha gani hii?" akauliza. Nikamwambia aniachie, nitamfasiria.

Nilikaa mezani usiku mbili. Usiku wa pili nilifika mwaka 2003. Niliandika kwa Kijerumani mstari wa Desemba uliotangulia, nikaandika wa Februari uliofuata, na baina yake nikaacha nafasi nyeupe, nikaikazia macho. Katika mji ule hakuna mtu aliyeweza kulisoma daftari langu ila mimi na mke wangu. Fundi aliyeunyosha mdomo alikwisha kufariki. Mkunjo hauonekani. Sauti ni nzuri, na binti ameisikia kwa masikio yake. Naweza kufasiri "siku mbaya" nikaliacha neno "ngazi", na kila nilichokiandika kitakuwa kweli. Sijapata kufikiri kwa ufasaha kama nilivyofikiri nusu saa ile, na kila hoja ilikuja imevaa nguo safi.

Kilichonizuia si ucha Mungu, na ningependa kuweza kusema kuwa ndio. Ni kuguna kwa ile vali ya tatu. Mtoto yule alikuwa ameniambia juu ya mali yangu aibu ambayo mwenyewe sikuijua, nami nilikuwa nikimpimia ile niliyoijua. Na hapo, baada ya takriban miaka sitini, nikamfahamu baba mbele ya ile cherehani. Nilikuwa nikidhani kwamba alichagua baina ya mjane na mshoni, akamtupa mjane. Kumbe ufa ulikuwako kabla yake, na gharama yake ilikuwa ni ya kulipwa na mtu kwa vyovyote, na yeye alilokataa ni kwamba alipe yule asiyejua. Kisha katika hasara ya mjane akatia na fedha yake mwenyewe. Mimi sikuwa na mjane wala watoto wanne. Nilikuwa na malipo ya uzeeni na nyumba yenye joto, na mtu niliyetaka kumtwika ufa wangu ni bibi wa binti wa mwashi. Nikaandika mistari saba: ngazi, barafu, kifungo nilichokiacha, kalibu, wiki mbili, shaba iliyokuwa ngumu, na onyo la fundi juu ya kupasuka. Kisha nikalifungua lile la Kiswahili, na katika safu ya tatu, iliyokuwa tupu miaka 16, nikaandika neno la baba.

Siku ya tatu binti alikuja, akasoma ameketi, akafika pale, akarudia. Hakusema kitu. Alilichukua baragumu hadi dirishani, akapitisha kidole polepole juu ya ukingo wa mdomo mpana, akapapata. Akaomba ruhusa ya kumpigia simu mwalimu wake, akatoka nje, akarudi akiwa mwekundu usoni, akasema mwalimu amemwambia kwamba kwa mkunjo wa namna hiyo haifai kutoa zaidi ya euro 3,900. Sitasema kwamba nilifurahi. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa kuwa nilijua bei ni ya haki. Nikakubali, tukaandika hati mbili, akazihesabu fedha juu ya meza, na mke wangu akaleta chai ya tangawizi, naye binti akanywa vikombe viwili.

Kabla ya kuondoka aliniuliza kama ningependa kusikia kitu, nikamwambia Brahms, simfonia ya kwanza, ule wito. Akasimama katikati ya chumba chetu kidogo, akapiga sehemu ya mpigaji wa kwanza, na kila alipofika mwisho wa pumzi, pale ambapo wa pili huidaka sauti, palikuwa kimya. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vilibonyeza juu ya goti. Mke wangu aliviona, akatazama pembeni.

Nilimkabidhi madaftari yote mawili, la Kiswahili na la tafsiri. Katika Oktoba mwaka ule aliniletea picha ya ukurasa mmoja wa lile la Kiswahili. Mstari wa mwisho kwa hati yangu ni wa Mei 2019. Chini yake pana mwandiko mwembamba wa wino wa buluu, kwa Kijerumani, ukisema kwamba vali ya tatu imepelekwa Mainz ikasagwa na kutiwa upya. Na neno la kwanza la mstari ule, aliloliona limeandikwa mara nyingi kuliko mengine yote, ameliandika kwa Kiswahili: Mafuta.